Manasseh Onsongo na Mtambo wa Kutoa Chumvi

Bwana Manasseh Onsongo anastaafu leo, Ijumaa tarehe 29 Juni 1979, baada ya kuyatunza maji ya Riamoni kwa miaka ishirini na miwili. Katika muda huo mradi wetu umepata wasimamizi saba. Sita kati yao hawakuwahi kupanda ngazi ya tangi. Wa saba alipanda mara moja, akapigwa picha, akashuka.

Manasseh alitoka Nyamache mwaka 1957, akaajiriwa kuwa kibarua wa kuosha mchanga. Kwa wageni waliopo leo nieleze kwamba maji ya mto hutiwa shabu ili tope litulie chini, hupitishwa kwenye vitanda vya mchanga, kisha hutiwa klorini na kuteremshwa kwa bomba hadi soko la Keumbu, shuleni na kwenye zahanati. Mwaka 1963 fundi mkuu alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia Manasseh funguo na daftari. Cheo kilichukua miaka minane zaidi kumfikia, kwa kuwa ofisini hapakuwa na aliyeamini kwamba mtu wa darasa la nne anaweza kupima klorini. Aliipima kila asubuhi, waamini wasiamini.

Yeye ni Msabato, na mwenzake wa zamu, Bwana Angwenyi, ni Mkatoliki. Kwa miaka mingi walipeana Jumamosi na Jumapili bila karatasi yoyote. Msimamizi mmoja aliligundua jambo hilo, akaunda kamati ya watu watano, na baada ya miezi mitatu kamati ikapendekeza kwamba Manasseh apumzike Jumamosi na Angwenyi Jumapili.

Ofisi iliniomba, mimi karani wake, niishie kwenye vichekesho vya namna hiyo. Lakini nikiuruka mwaka 1976 nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine.

Machi mwaka huo tulipokea msaada: mtambo wa kusafisha maji kwa kuyasukuma kwa nguvu kupitia utando mwembamba mno. Ulibuniwa kwa nchi za jangwani zenye maji ya chumvi. Maji yetu hayana chumvi. Shida yetu ni tope, hasa wakati wa masika, mto unapogeuka rangi ya chai ya maziwa. Mtu yeyote anayefua nguo Keumbu angewaambia hivyo. Hakuna aliyeulizwa.

Msimamizi wetu wa saba, Mhandisi Ratemo, alikuwa amerudi kutoka kozi ya wiki sita ng'ambo, na hatukuruhusiwa kuisahau hata siku moja. Aliamuru vitanda vya mchanga vikaushwe ili wageni wasione vitu vya kizamani. Aliamuru pia klorini isimamishwe, kwa sababu klorini huharibu ule utando. Mtambo ukawa unalishwa maji ya mto yalivyo.

Aliyeuheshimu mtambo huo kuliko wote alikuwa Manasseh. Mafundi walioufunga walikaa siku tisa tu, naye hakubanduka ubavuni mwao. Alijifunza kusoma geji mbili za shinikizo, moja kabla ya vichujio vinavyokinga utando na nyingine baada yake. Tofauti ikikua, vichujio vimeziba. Kitabu kilisema vibadilishwe kila mwezi. Kwa tope letu havikumaliza siku mbili. Vya akiba vilipokwisha, alivisugua vya zamani kwa brashi. Aliandika barua mbili kuomba maji yapitie mchanga kwanza, na siku mtambo utakapokwama, klorini irudi kabla maji hayajatoka. Mhandisi aliniagiza nizitie kwenye faili la Mengineyo. Nikazitia.

Sherehe ya uzinduzi ilipangwa Alhamisi, tarehe 13 Mei. Jumatatu mtambo ukakwama kabisa. Alhamisi asubuhi tangi lilikuwa tupu, na Mhandisi akaagiza maji ya mto yapitishwe bomba la pembeni, moja kwa moja hadi kwenye tangi na sokoni. Nilikuwa pale na orodha ya wageni mkononi.

"Fungua, Mzee. Wageni wanafika saa nne."

"Bwana Mhandisi, haya ni maji ya mto."

"Ni ya siku moja tu."

"Wanaokunywa hawatajua kwamba ni ya siku moja," Manasseh akasema, akasimama mbele ya vali ya kufungulia bomba hilo.

Vibarua wawili waliitwa kumwondoa. Walimshika mikono wakitazama chini, na Mhandisi akafungua maji kwa mkono wake mwenyewe. Hotuba zilikuwa nzuri sana. Wageni walikunywa soda.

Alasiri hiyo barua ya kumsimamisha Manasseh kazi kwa utovu wa nidhamu ilipigwa chapa. Niliipiga mimi. Nilimsahihishia Mhandisi hata makosa ya tahajia, ili barua ya kumwonea mtu isomeke vizuri. Sijawahi kumwomba Manasseh radhi kwa hilo. Namwomba hapa, mbele ya wote.

Siku moja ikawa siku kumi na tisa. Manasseh na mkewe, Mama Marion, walifuata bomba nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wachemshe maji. Wengine walimcheka, wakasema amefutwa kazi na sasa ana uchungu. Aliyemsikiliza alikuwa nesi wa zahanati, Drusilla Nyamoita, kwa sababu vitanda vyake vilikuwa vimeanza kujaa. Watu arobaini na mmoja waliugua homa ya matumbo. Orpah, mtoto wa darasa la nne, bintiye Mama Esnah anayeuza ndizi sokoni, alifariki. Mhandisi alitangaza kwamba watoto wanakula matunda bila kuosha.

Nesi Drusilla alikuja ofisini na chupa ya maji ya bomba, akaiweka juu ya meza ya Mhandisi.

"Kunywa basi, Bwana Mhandisi."

Mhandisi aliisogeza ile chupa kando. Hakunywa. Nilirudi kwenye mashine yangu, nikapiga barua ya kumrudisha Manasseh kazini bila kuagizwa na mtu, nikampelekea Mhandisi pamoja na karatasi nyingine. Alitia sahihi bila kusoma, kama ilivyokuwa kawaida yake.

Manasseh alifika asubuhi iliyofuata. Alifunga bomba kuu, kisha yeye, Angwenyi na akina mama wa sokoni waliosha mchanga kwa siku nne. Siku ya tano maji yakatoka, yana klorini, na yeye ndiye aliyekunywa wa kwanza. Kisha akaenda kwa Mama Esnah. Sijui walizungumza nini. Mimi aliniambia maneno machache tu: "Tryphosa, nilipaswa kurudi siku ileile kuifunga ile vali. Wangenitia jela, basi."

Mhandisi Ratemo alipandishwa cheo mwaka uliofuata, na kiti chake hakijajazwa hadi leo. Ametutumia salamu za leo, nazo zitasomwa baada ya soda. Mtambo upo bandani, umefunikwa turubai, na wageni bado huonyeshwa.

Tangu siku ile, miaka mitatu sasa, zahanati haijapokea mgonjwa hata mmoja wa maji yetu. Manasseh amefundisha warithi watatu, na amewataka wote watatu wajue kukataa kabla ya kujua kufungua. Ofisi ilimruhusu aalike watu watano kwenye sherehe hii. Alimwalika mmoja. Mama Esnah amekaa mstari wa mbele, karibu na Mama Marion.

Asante, Mzee Manasseh, kwa kila bilauri tuliyokunywa bila kukuwaza. Nenda Nyamache salama. Majani yako ya chai yastawi, magoti yako yapone ile baridi ya kituoni, na wajukuu wakusumbue kadiri unavyopenda.

Tryphosa Nyanchera
Karani, Mradi wa Maji Riamoni