Maalim Yunus Mikdad, Mdhamini wa Nyumba ya Mayatima ya Kaole

Maalim Yunus Mikdad alizaliwa hapa Kaole tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa Mzee Mikdad Bilali na Bi Shufaa. Baada yake alizaliwa mmoja tu, Dija, mama yangu mimi Muhammad ninayewasomea.

Alisoma chuo cha Kurani hapa hapa, kisha shule ya msingi mjini Bagamoyo. Alihitimu ualimu mwaka 1972, akafundisha Fukayosi na baadaye Mkange hadi alipostaafu mwaka 2011.

Mwaka 1979 alimwoa Bi Habiba. Hawakujaliwa mtoto. Bi Habiba alipofariki mwaka 1998, Maalim hakuoa tena.

Mwaka 2012 jirani yake, Bi Mwanamkasi, aliweka wakfu nyumba na minazi yake kwa ajili ya mayatima wanaosoma, akamteua Maalim na wenzake wawili wawe wadhamini. Wenzake walihamia Dar es Salaam, kazi ikabaki kwake. Akienda kukagua minazi ile, alibeba maji yake ya kunywa kutoka nyumbani. Dafu la mayatima hakuligusa.

Baba yangu alipofariki mwaka 2014, mimi nilikuwa nimeshamaliza shule, na tulikosa pa kukaa. Mama alimfuata kaka yake.

"Kaka, kuna chumba kitupu pale. Nipe hicho kimoja tu. Mimi si damu yako?"

"Damu yako ndiyo inayonizuia, Dija. Hati ya wakfu inasema mayatima wanaosoma, haisemi dada wa mdhamini. Njoo ukae kwangu."

"Kwako sitaki. Umewapenda watu baki kuliko mimi."

Tukahamia Mkange. Kila Idi, alipokuwa bado na nguvu, Maalim alikuja kutusalimu. Mama alimjibu akiwa ndani, mlango umefungwa. Mjomba alisimama kidogo, akaniachia kanzu mpya, akaondoka. Idi yenyewe aliila peke yake miaka kumi na moja.

Sukari ilimzidi, na Oktoba 2023 alikatwa mguu. Kabla ya kukubali kwenda hospitali alihakikisha wadhamini wapya wameandikishwa, mayatima wasije wakabaki bila mtu. Tangu hapo alihudumiwa na majirani. Mmoja wao, Bi Tabia, alipompelekea uji asubuhi ya Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, alimkuta amekwishafariki.

Bi Tabia alinipigia simu kazini, nami nikampigia mama. Alipofika alikaa kando ya maiti. Kisha akaniambia: "Utakaposoma habari zake, waambie watu kaka alikuwa na haki. Nilijua tangu siku ile ile. Niliona haya tu kufungua mlango."

Marehemu ameacha dada mmoja, Bi Dija, na mpwa mmoja. Nyumba ya wakfu leo ina watoto kumi na wanne. Mwenyezi Mungu amkunjulie kaburi lake, apumzike humo kwa amani.