Mama Marcella na Matunda ya Udongo

Waombolezaji wapendwa, hebu fikirini asubuhi moja mjini Migori, katika bustani ya kumbukumbu ya wapagazi waliofia vitani, kamba imefungwa kuzuia watu, binti wa mfalme kutoka ng'ambo anatembea polepole kati ya matunda arobaini na moja ya udongo, na nyuma ya kamba, katika kitenge kipya, amesimama mwanamke aliyeyafinyanga yote, wala hakuna anayemtazama.

Mwanamke huyo, Mama Marcella Adoyo, alizaliwa tarehe 3 Mei 1952 karibu na Rodi Kopany, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1964, kisha akafundishwa ufinyanzi na nyanya yake, ambaye baba yake alichukuliwa kuwa mpagazi katika Vita Vikuu vya Kwanza, hakurudi, na kwa kuwa hapakuwa na mwili familia ikazika yago, tunda la mvungunya, kama ilivyo desturi yetu kwa aliyepotea mbali.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1970 na marehemu Mzee Barnabas Obare, wakajaliwa watoto watatu, Austine, Liz na Valentine. Januari 1979 Mzee alimleta mke wa pili kutoka Migori, Mwalimu Damaris Nyatichi, na Mama hakuficha kwamba ilimchoma, hata kikombe ambacho Mzee alinywea chai katika nyumba ile nyingine alikijua. Siku ya kwanza Damaris alimsalimia kwa jina, naye, bila kuacha kukanda udongo, akajibu, "Hilo jina liache. Kwako mimi ni nyieka." Ndivyo wake wenza wanavyoitana kwa Kijaluo, na neno lenyewe limetoka kwenye wivu, naye Damaris akalitii miaka arobaini na minne.

Mwaka 2022 Mama alipewa kazi ya bustani ile, akafinyanga yago moja kwa kila mpagazi ambaye hakurudi, naye Damaris, kwa mwandiko wake wa ubaoni, akachora majina kwa msumari udongo ukiwa bado mbichi. Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, mgeni yule wa kifalme alipokuja, waandalizi walitaka mmoja tu wa kumpokea, anayejua Kiingereza, wakamchukua Damaris. Mama aliwatazama wakishikana mikono. Mgeni akauliza ni nani aliyeyafinyanga, Damaris akaelekeza kidole nyuma ya kamba, akasema, "Nyieka," basi, na karani akaandika.

Januari 2024 kibao cha shaba kikawekwa, kimeandikwa kwamba hii ni kazi ya Mama Nyieka. Kwa miezi minne Mama hakuonja chai ya Damaris, na kuanzia Oyugis hadi Migori alimwambia kila aliyemsikiliza kwamba mwalimu ameandika majina arobaini na moja ya wafu, akashindwa na moja la aliye hai. Damaris alijitetea kwamba alikatazwa, na ni kweli alikatazwa, lakini leo ameomba tusome na hili, kwamba jina lilimfika mdomoni akalimeza, kwa sababu siku ile ilikuwa tamu na hakutaka kuigawa.

Mama aliugua figo kuanzia Aprili 2025, akalazwa Homa Bay mara tatu, na aliyemwogesha na kumlisha ni Damaris, ingawa hata huko Mama alinuna wauguzi walipomwita mwenzake Mwalimu na yeye wakamwita mgonjwa. Alituacha Jumanne tarehe 13 Januari 2026.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Rodi Kopany waliochota maji na kukesha nasi, walimu waliofanya kazi na Damaris, na wafinyanzi wa Oyugis waliofunga tanuri zao kwa heshima yake.

Kibao bado hakijabadilishwa. Pumzika kwa utulivu, Mama, na ninyi mtakaopita Migori mkasoma kilichoandikwa pale, Damaris anawaomba kwa upole mkumbuke jambo moja tu, kwamba huyo Nyieka alikuwa na jina, na jina lake ni Marcella.