Siku Mama Mkwe Aliponikumbatia Nyamongo

Bwana asifiwe na kila mwenye pumzi, na mbavu zangu nazo zimsifu, maana bado ziko mahali pake!

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Nyamwaga, mtu wa Njombe niliyeletwa na serikali na kubakizwa na mke wangu Ghati, binti wa hapa hapa. Wanafunzi wangu wanajua kuna neno moja la Kiingereza napenda sana kulifundisha, intervene. Maana yake ni kuingilia kati: watu wako kwenye ugomvi au hatari, wewe unaingia katikati ili mambo yasiharibike. Mifano yangu ilikuwa ya kitabuni. Polisi waliingilia kati. Serikali iliingilia kati. Wanafunzi waliongeza ya kwao: refa aliingilia kati, bibi aliingilia kati baba aliposhika fimbo. Naweka alama ya vema, naendelea na somo. Sikujua uzito wa neno lile mpaka siku nilipolihitaji mwenyewe.

Niwaambie kwanza kuhusu mama mkwe wangu. Wenyeji desturi mnaijua. Naeleza kwa ajili ya wageni wenzangu, manesi na walimu mliotoka mbali. Huku ukweni, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akiniona njiani anaingia kwenye mahindi mpaka nipite. Nikienda kwake nakaa nje, yeye yuko ndani nyuma ya mlango. "Shikamoo mama," nasema. Kwanza anakohoa kidogo, halafu mlango unanijibu, "Marahaba mwalimu."

Mwanzoni iliniuma jamani! Kwetu mama mkwe anakutania mpaka unakosa pa kujificha. Nikadhani hanipendi. Ghati alinicheka mpaka machozi. "Anakuheshimu huyo! Hizo ndizi unazokula kila wiki unafikiri zinaota jikoni?" Kumbe mapenzi yake yote yalikuwa yanapita kwenye ndizi na kibuyu cha mtindi. Basi nikamzoea. Nikajifunza kumpenda mtu kwa sauti yake na kikohozi chake.

Sasa sikieni. Jumamosi moja niliazima pikipiki ya mwalimu mwenzangu, nikaenda Nyamongo kununua misumari ya banda la kuku. Nyamongo mnaijua wenyewe, pikipiki kila kona, na nyingi ni nyekundu. Nikaiegesha mbele ya duka. Nilipotoka na misumari yangu nikapanda pikipiki nyekundu, nikachomeka ufunguo, ukazunguka, nikaondoka. Ndugu zangu, haikuwa ile! Hizi pikipiki zikichakaa, ufunguo wowote unaingia. Nikasikia nyuma, "Mwizi! Mwizi huyo!" Nami kwa wema wangu nikaongeza mwendo, nisije nikawazibia njia wanaomkimbiza mwizi.

Waliniangusha karibu na soko la ndizi. Vijana wakanizunguka. Mmoja akaniuliza kwa Kikurya mimi ni wa kwa nani. Sikumwelewa vizuri, nikajibu kwa Kiswahili changu cha Njombe, na hapo ndipo nilipojimaliza. "Huyu si wa hapa! Wezi hawa wa kuja wametuzidi!" Fimbo ya kwanza ikatua mgongoni, nyingine begani. Nikasema mimi ni mwalimu, lakini nani asikilize? Mtu akaitisha petroli. Pale chini nilikuwa naona viatu tu. Sikuwa na maombi marefu, ndugu zangu. Nilisema, "Yesu, Ghati atabaki na nani?" Nikaishia hapo.

Ndipo nikasikia kikohozi. Kikohozi cha nyuma ya mlango!

Mama mkwe wangu anauza ndizi soko lile. Aliziacha, akawapasua vijana katikati, akajitupa juu yangu na kunikumbatia, kichwa changu kifuani pake, kitenge chake kikanifunika. "Huyu ni mkwe wangu!" alipiga kelele. "Ni mume wa Ghati! Anayetaka kumpiga aanze na mimi!"

Fimbo zilisimama hewani. Angesema kwa mdomo tu wangembishia. Lakini mama kumkumbatia mkwe wake mbele ya soko zima! Wanaume waligeuza nyuso pembeni kwa aibu. Mzee mmoja akasema, "Mura, vijana wangu, wekeni fimbo chini. Mama huyu hawezi kuvunja heshima yake kwa ajili ya mwizi." Ndipo mwenye duka akauliza, mbona kuna pikipiki nyingine nyekundu imeachwa pale kwake? Wakajaribu ufunguo wangu, ikawaka, na mwenye duka akathibitisha kwamba ndiyo niliyofika nayo. Kijana aliyekuwa ameshika fimbo ya kwanza alikaa chini akalia.

Niliponyanyuka nimshukuru mama, alikuwa amesharudi kwenye ndizi zake, amejifunika kitenge, amenipa mgongo.

Siku niliyorudi darasani bega langu lilikuwa limefungwa, na sikuandika tena ubaoni ule mfano wa polisi. Niliwaambia wanafunzi kwamba kuingilia kati si kusimama pembeni na kusema acheni. Ni kuingia pale ambapo fimbo itakupata wewe. Nikageuka kufuta ubao muda mrefu, maana nilikuwa nalia.

Ndugu zangu, Yesu naye hakukaa nyuma ya mlango! Alikuwa na heshima yake mbinguni, akaiacha, akaja kulala juu yetu. Wewe ambaye leo uko chini unaona viatu tu, mwite. Usitafute maneno mazuri. Mimi yangu yalikuwa mafupi, na yalifika.

Nilipopata nafuu tulikwenda kwake na Ghati. Yeye ndani, mimi nje, kama kawaida. "Shikamoo mama." Kikohozi. Kisha mlango ukanijibu. "Marahaba, mwanangu."

Mwanangu!

Leo amekuja kusikia ushuhuda huu. Ameketi kwenye mkeka pale nje, chini ya dirisha, kwa sababu mkwe wake yuko humu ndani. Mimi siwezi kwenda kuchungulia. Ninyi mliokaa karibu na dirisha, naombeni mgeuke mumtazame vizuri kwa niaba yangu, mumwambie asante. Mungu amtunze. Amina!