Pakiti ya Fabian: Maisha ya Mama Yudith Malogo

Marehemu Mama Yudith Malogo alizaliwa Buigiri tarehe 12 Machi 1946, watu wakiwa mashambani kwenye uwele. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Lameck Ndahani na Bibi Restuta. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa amekunja ngumi, na hakuikunjua mpaka aliposhikishwa kidole cha mtu.

Alianza shule Buigiri mwaka 1954, na mwaka 1964 akajiunga na mafunzo ya uuguzi Mvumi. Huko alijifunza kazi aliyoipenda kuliko zote: kuchemsha sindano. Wakati huo mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, na Yudith aliyasimamia motoni kama mtu anayesimamia uji wa mgonjwa. Alihudumu katika zahanati za Dodoma hadi mwaka 1996, wafanyakazi wa serikali walipopunguzwa.

Mwaka 1968 alifunga ndoa na Bwana Petro Malogo, karani wa reli. Mungu akawajalia Aneth, kisha Fabian.

Fabian alikwenda Dar es Salaam mwaka 1993 kuuza mitumba. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na vijana wengi waliifuata huko. Salamu zake zilikuja, zikapungua, zikakoma. Alirudi mwaka 1999 amekonda, na mfukoni ana bomba la sindano, maana alikuwa akijidunga unga. Mama hakumfukuza. Alilichukua lile bomba akalichemsha kama alivyozoea zahanatini, akasahau kwamba la siku hizi ni la plastiki. Likajikunja. Fabian akacheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Mama, umeipika sindano kama muhogo."

Mama naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Miaka iliyofuata alikuwa akikisimulia kicheko kile kama wengine wanavyosimulia harusi.

Kilichomwondolea usingizi ni kusikia kwamba Fabian na rafiki yake Geofrey, kijana wa kijiji cha Zuzu, walitumia sindano moja. Geofrey alimweleza kwamba kumnyima mwenzako ni uchoyo. Wao walipokezana kama wazee wanavyopokezana kibuyu cha pombe.

"Kibuyu tunapokezana, mwanangu," Mama akamwambia. "Damu hatupokezani. Ukimwi haujui undugu."

Tangu hapo alinunua sindano mpya duka la dawa, akawapa wao na wenzao waliofika mlangoni, kila mtu na yake. Zilipokosekana aliwaonyesha kusafisha: maji safi, jiki, kisha maji mengine safi. Aliwaambia wazi kwamba hiyo ni afadhali tu; kinga ni sindano mpya. Zilizotumika alizikusanya kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko. Aliwasihi waache unga, lakini hakumnyima sindano aliyeshindwa kuacha.

Majirani walinung'unika. Hata Mzee Petro alimwambia, "Mama Fabian, unamwashia mwizi taa."

"Namwashia nimwone uso, Baba Fabian."

Baadaye Mzee Petro ndiye aliyechimba shimo la kufukia yale makopo.

Mwezi Juni 2001 Fabian alipanda treni kwenda Tabora kutafuta kazi. Alisahau pakiti yake ya sindano juu ya kabati. Mama alipoiona, aliichukua akakimbia nayo stesheni, akakuta reli tupu. Alirudi akaiweka palepale alipoikuta. Wengine walipohitaji, aliwanunulia nyingine. Ile ilikuwa ya Fabian.

Mwaka 2003, Fabian akiwa bado hajaleta salamu, Geofrey, ambaye alikwishaacha unga, alikuja kumwamkia. "Shikamoo, mama. Nimepima. Sina virusi." Mama alimshika kidole. Kisha akauliza, "Na mwenzako? Unadhani huko Tabora alipata sindano mpya?"

Geofrey alimwambia analolijua: "Kabla hajaondoka alikuwa anawafundisha wenzake, mama. Maji, jiki, maji. Ukimsikia, utadhani ni wewe."

Mama aliomba arudie. Akarudia.

Mwishoni mwa mwaka huo Mama aligundulika kuwa na tatizo la moyo kupanuka. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Honi ya treni iliposikika aliuliza imetoka upande gani. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2004, amekishika kidole cha binti yake Aneth.

Ameacha mume, Mzee Petro. Watoto wawili, Aneth na Fabian. Na wajukuu watatu. Geofrey, aliyechimba kaburi hili, alimwita mama, na sisi tunamwita ndugu. Wapo walioshauri Fabian asiandikwe, kwa kuwa hatujui aliko. Tumemwandika, kwa sababu Mama hakuwahi kuhesabu vingine.

Fabian, popote habari hizi zitakapokufikia, pakiti yako ipo juu ya kabati. Haijafunguliwa.

Pumzika kwa amani, Mama. Kumngoja sasa ni zamu yetu.