Wanaomtaka Rahila

Mvua ya masika ikinyesha Mtambile, wanaume hujibanza chini ya bati la fundi pancha, na akaaye hapo haondoki bila ya kuyajua mambo ambayo hata walioyatenda hawayajui. Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Katikati hukaa Kificho, ambaye watu humwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Ubavuni mwake hukaa Masoud, jina la kijiweni Wakili. Ujanani alishinda kesi ya mbuzi mbele ya sheha, na tangu hapo hakuna jambo asilolitolea hukumu. Anayezunguka na dele la kahawa ni Himid, mtu wa maneno machache. Na kule mwisho wa ubao, panapovuja, siku hiyo alikaa Hafidh, mkulima wa karafuu na muhogo, kajikunyata kama mwenye homa. Hakuwa na homa. Alikuwa anangoja magharibi iingie.

— Yakhe Hafidh, wainywa kahawa kama unazima moto tumboni, alisema Redio. Kuna nini?

— Hamna kitu.

— Hamna kitu! Mke wangu kanambia Rahila wako kapata wazungu wa kwenye mtandao.

— Hajawapata. Anaomba. Leo ndo mwisho wa kuomba.

Rahila, binti yake, alikuwa anasoma mambo ya kompyuta chuoni Unguja, na mwezi huo alikuwa nyumbani kwa likizo. Hafidh aliyarudia maneno aliyoambiwa na mtoto, mojamoja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Kwamba wako watu duniani wanaoandika programu za kompyuta wakazitoa bure, kila mtu azione ndani yake na azitengeneze. Chanzo huria, wanaita. Kwamba watu hao huchukua wanafunzi, na kila mwanafunzi hupewa mwalimu wa kumshika mkono mpaka kazi iishe. Mwanafunzi hukaa kwake, mwalimu naye kwake.

— Kwake wapi? aliuliza Wakili.

— Mbali. Mmoja nasikia kwao kuna theluji.

— Bure? Mtu wa theluji amfunze mtoto wa Mtambile bure? Hapana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wazee walisema. Ndo hao! Wanataka mtoto ainame, wapate kumuibia kwa mgongoni.

— Na hilo neno huria hulisikii? alidakia Redio. Huria maana yake kila mtu ajitwalie. Kitu kikiwa huria hakina mwenyewe. Sasa mtoto akiingia kwenye huria, naye si kesha kuwa hana mwenyewe?

Kwa kawaida Hafidh angecheka. Redio na Wakili aliwajua tangu walipokuwa wakiiba madafu pamoja, na alijua kwamba ukweli wao huanza kupungua kikombe cha pili. Lakini siku hiyo kila neno lilimwingia.

— Wanataka nini kwake? aliuliza Wakili. Kesi huanza hapo. Wametaka nini?

— Picha ya kitambulisho. Wahakikishe ndiye yeye.

Redio aliweka kikombe chini.

— Basi hiyo ndo yenyewe. Nkwambie jambo nililolisikia kwa mtu wa Wete. Wakishapata uso wako na jina lako, wanatengeneza wewe wa pili. Sauti yako, kicheko chako, vyote. Huyo wa pili akupigia simu: baba, niko nje, nifungulie mlango. Nawe wajua mwanao huyo. Wafungua.

Mvua ilipiga bati.

— Hayo madogo, alisema Wakili, ambaye hakupenda kupitwa. Zile ndege za vitani zisizo na rubani mwazijua? Mwadhani nani anaziandikia akili? Wanafunzi! Kazi wameikata vipande. Huyu kaandika bawa, yule kaandika jicho, hakuna ajuaye mwenzake kafanya nini. Rahila atapewa kitufe. Akiandike vizuri, asifiwe, apigiwe makofi. Siku moja mtu kule akibonyeze.

— Astaghfirullah, alinong'ona Hafidh.

— Haba na haba hujaza kibaba, alimaliza Redio. Leo kitambulisho, kesho figo.

Si ndege zilizomtia hofu Hafidh, wala Rahila wa pili. Alikuwa anamwona Mwatum. Mwatum alikuwa mtoto wa dada yake, naye pia alitakiwa picha ya kitambulisho tu. Mengine tutamaliza sisi, alisema wakala, kwa sauti tamu, kwenye simu. Kazi za nyumbani Arabuni, nyumba ya watu wema. Hafidh ndiye aliyembebea begi mpaka bandarini Mkoani, akamwombea dua, akasimama mpaka boti ikawa nukta. Mwatum alipiga simu mwanzo mwanzo, kisha akanyamaza. Aliporudi, baada ya miaka, alikuwa na kovu la pasi mkononi, na mpaka leo simu ikilia chumbani yeye hutoka. Hakuna aliyemuuliza kulikuwaje. Hafidh hakuthubutu.

— Kesha kuwatumia hicho kitambulisho? aliuliza Wakili.

— Bado.

— Kiko wapi?

Hafidh alitazama barabarani, kisha akakivuta kidogo kutoka mfuko wa shati. Ncha ya kadi ilionekana, na nusu ya uso wa msichana mwenye ushungi. Akakirudisha haraka.

Redio alijipiga paja.

— Hapo umefanya kiume, wallahi!

— Kikulacho ki nguoni mwako! alisema Wakili, akikusudia kumsifu.

Hafidh aliugusa mfuko kama aliyechomwa.

Himid, aliyekuwa akimimina, alisita.

— Mwenyewe ajua?

— Hajui. Nimekichukua alfajiri. Nimemwacha anapekua magodoro.

Himid aliendelea kumimina. Hafidh akaanza kujieleza, ingawa hakuna aliyemtaka maelezo. Ikiingia magharibi, mlango wa hao watu unafungwa. Yeye atarudi nyumbani, atakidondosha nyuma ya kabati, na mtoto atakiona kesho. Atalia siku mbili. Lakini atakuwepo, analia hapo hapo, mbele ya macho yake. Kuna baba asiyelitaka hilo?

— Hakuna, alisema Redio.

— Hakuna, alisema Wakili.

Ndipo mwavuli mweusi ulipokata kona ya duka, unakuja mbio. Mwanamke wa Mtambile hasimami kijiweni mwa wanaume pasipo sababu, na wote walimjua kabla hajafika. Rahila alisimama nje ya bati. Buibui lilikuwa limerowa mpaka magotini, na macho yamevimba.

— Asalaam alaykum. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, walijibu, kila mtu kwa sauti yake.

— Baba, umekiona kitambulisho changu?

Swali jepesi kama hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa pale. Redio, mwenye jibu la vita na jibu la bei ya unga, aliinamia kikombe kitupu. Wakili alianza kuzihesabu nyufa za ukuta wa fundi. Himid alilitikisa dele, likalia kavu, naye akaona afadhali akatafute maji. Hafidh alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari, alikuwa ameutengeneza tangu alfajiri, neno moja tu: sijakiona. Ulimi haukuutaka.

Alikitoa mfukoni.

Rahila alikitazama kile kitu kwenye kiganja cha baba yake. Hakukipokea.

— Nimeipekua nyumba nzima, alisema. Nimemshuku mpaka mdogo wangu. Nimempiga, baba.

— Nisamehe.

Redio na Wakili hawakuwa wamewahi kulisikia neno hilo likitoka kwa mwanamme kwenda kwa mwanawe. Walisogea pembeni, mpaka kwenye matairi, wakajifanya wanasubiri mvua ipungue.

— Waniogopea nini? aliuliza Rahila.

— Mwatum.

Rahila aliukunja mwavuli. Aliingia chini ya bati, akakaa mwisho wa ubao, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini.

— Mimi pia naogopa. Tena sana.

— Basi kwa nini waenda?

— Siendi popote. Nitakuwa chumbani mwangu. Wiki iliyopita nilirekebisha kitu kidogo nikakituma. Mtu nisiyemjua akaniandikia makosa yangu, moja moja, na dunia nzima inasoma. Nikalia. Kisha nikayasahihisha, nikatuma tena, nikajibiwa nimekosea tena.

— Alikutukana?

— Hata. Alinambia nilipokosea, basi. Mara ya tatu wakakipokea. Naogopa niwe si kitu, baba, na kila mtu aone.

Hafidh alitamani kumgusa bega, hakugusa.

— Na wewe waandika nini humo? aliuliza. Ndiyo kwanza alikuwa anauliza.

— Programu ya vituo vya afya. Nchi nyingi masikini zinaitumia. Umeme ukikatika nesi akiwa anaandika, habari za mjamzito zinafutika, na akirudi mama anaanza upya, au haanzi. Nataka kuifanya ishike hata umeme ukizima.

— Si ndege?

— Ndege gani?

Kule kwenye matairi Wakili alikohoa.

— Hamna. Hebu nambie moja, na unijibu kwa haki ya Mungu. Ukitaka kuacha, watakuachia?

Rahila alimgeukia. Aliielewa sauti hiyo ilikotoka.

— Nafunga kompyuta, baba. Nakwenda zangu kumenya muhogo.

— Na wakikwambia njoo huku?

— Nitakuja kukwambia wewe kwanza. Nawe utasema la.

Alikichukua kitambulisho. Walitembea pamoja chini ya mwavuli mmoja, mwavuli ukamkinga baba zaidi. Nyumbani mtandao ulikuja ukaondoka, ukaja ukaondoka. Hafidh alisimama mlangoni mwa chumba, nusu anaomba picha iende, nusu anaomba isiende. Ilikwenda muadhini akivuta pumzi ya kwanza. Rahila alikwenda kwa mdogo wake, akampakata, akamwambia maneno ambayo Hafidh hakuyasikia.

Jibu lilichelewa. Katika siku zile Hafidh hakulala vizuri. Gari likisimama njiani aliamka. Jibu lilipokuja, Rahila alilisoma akiwa amekaa sakafuni, akalisoma tena, kisha akajifunika uso kwa ushungi. Baba yake alidhani amekataliwa, na aliona aibu kwa namna kifua kilivyomlegea.

Alasiri ya siku ile alipita kijiweni. Redio alimwona kwa mbali.

— Wamemchukua?

— Wamemchukua.

— Inna lillahi! Yuko wapi?

— Nyumbani, ala wali.

Himid alimtilia kahawa. Wakili alikuwa na jambo kubwa la kuuliza kuhusu mkataba, lakini Hafidh alikinywa kikombe kwa mafundo mawili akainuka. Mwalimu wa theluji angepiga simu ya kwanza jioni hiyo, na yeye alitaka kuwepo.

Nyumbani alivaa kofia. Akaweka kiti mlangoni mwa chumba cha Rahila, ndani kidogo, pale ambapo kioo cha kompyuta kisingemwonesha. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zina mvi. Alizungumza polepole, na Hafidh hakufahamu hata neno, kwa hiyo alisikiliza sauti peke yake, kama asikilizavyo mtu mlio wa injini kujua kama itafika. Aliutafuta ule utamu wa wakala. Hakuupata. Hakuacha kuutafuta. Mara mwanamke alisema kitu kirefu, Rahila akainamisha kichwa, kisha wakacheka wote wawili.

— Kasema nini? alinong'ona Hafidh, mikono imeshika kiti.

Rahila hakugeuka.

— Kasema nimekosea pahala, na yeye alipoanza alikosea pahala hapo hapo.

Hafidh aliivua kofia, akaiweka gotini, akabaki kukaa.