Nilivyofundishwa Kutupa Kuni

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, asifiwe hata huko. Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini nililotendewa nalijua, na nitalisema bila kuzunguka.

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana mchuma kahawa katika shamba moja upande wa Ruiru. Nyapara wetu alikuwa na tabia ya kuvizia wasichana kwenye njia ya mtoni. Siku ya kwanza alinikamata kwa nyuma nikiwa nimebeba kuni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Akanivuta kuelekea ndani ya miti ya kahawa. Na mimi, ndugu zangu, niliushikilia mukwa kwa mikono miwili ili kuni zisianguke. Aliniacha kwa sababu tu wanawake walitokea wakienda kuteka maji.

Nikaenda kulia kwa Tata Nyambura, dada ya baba, aliyechuma kahawa shamba lilelile. Mumewe alikuwa amepigana vita vya Burma, akarudi na mbinu za kupigana bila silaha, akamfundisha. Tata hakunipa pole.

"Mbona hukutupa kuni?"

"Zingelowa matope, Tata. Mama angenichapa."

"Kumbe kuni ndizo binti, wewe ndiwe mzigo."

"Nimekuwa nikimwomba Mungu atume malaika."

"Amenituma mimi. Inuka."

Basi kila Jumamosi mchana tulienda nyuma ya kinu cha kahawa, penye lundo la maganda. Kwanza alinifundisha kuanguka, nikaanguka mpaka maganda yakaingia masikioni. Halafu akanionyesha kwamba mkono uliokushika una mlango mmoja, pale kidole gumba kinapokutana na vingine. Zungusha mkono wako kuelekea hapo, utatoka, hata aliyekushika akiwa dume.

Lakini kazi kubwa ilikuwa kuni. Alinibebesha, akanyemelea nyuma yangu, akasema, "Kidevu juu." Kidevu kikipanda, mukwa unateleza, mzigo unaanguka. Ilinichukua majuma mengi, maana mikono yangu ilikataa kuachilia. Sisi tulilelewa tufe na mzigo mgongoni. Tata hakuchoka. Alikuwa mfupi kama debe, miguu mitupu, na sijaona mwanamume aliyeweza kumwangusha.

Nyapara akarudi, njia ileile. Niliposikia mkono begani niliinua kidevu. Kuni zote zikamshukia miguuni. Bado akanidaka mkono. Nikautafuta mlango, nikatoka, nikamwachia kiwiko cha tumbo, nikakimbia, kwa maana Tata alisema kukimbia pia ni mbinu.

Kesho yake alikuja kazini akichechemea, akasema amepigwa teke na punda.

"Punda huyo huchuma madebe mangapi kwa siku?" Tata akamuuliza.

Wanawake walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Njia ile hakuikanyaga tena.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenijibu kwa mikono ya shangazi. Mtumainini, naye akikutumia mwalimu, usimwambie unangoja malaika. Wajukuu wenu wa kike nileteeni Jumamosi hapa uani, kila mmoja na kuni zake. Magoti yangu yamechoka, lakini vidole bado vina nguvu. Mimi nitawashika. Wao watafute mlango.