Aliyesimama Nyuma ya Wanaoanguka

Tarehe 30 mwezi huu msakristia wetu anakabidhi funguo za kanisa baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wanaparokia wengi hawalijui jina lake la ubatizo. Wanamjua kama Mzee Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lake kwa kila mtu, kuanzia mtoto anayekimbia ndani ya sakristia hadi askofu aliyechelewa. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya ya Kilatini. Nimefanya naye kazi miaka mingi na bado ananishangaza, na Alhamisi iliyopita alinishtua kuliko siku zote.

Kazi yake haikuwa lelemama. Parokia yetu ni moja, lakini ukikaa kanisani Jumapili tangu alfajiri utadhani umepita nchi tatu. Kwanza sisi wa Kilatini na ubani wetu. Kisha misa ya ngoma. Kisha wahamiaji wa mtaa wa pili, wanaoimba kwa lugha yao na kupeleka vipaji, yaani sadaka zao, altareni wakicheza. Alhamisi jioni ni zamu ya Wanakarismatiki, wanaosali kwa sauti, wanaonena kwa lugha, na wengine wakiombewa huanguka chali. Vyombo na vitambaa vya wote hao vilipita mikononi mwa mtu mmoja.

Jumamosi moja hakupata muda wa kuiondoa ngoma kubwa baada ya mazoezi, akaifunika kitambaa cheupe. Asubuhi padri mgeni akadhani ni meza ya vyombo, akapanga juu yake divai na maji. Misa nzima ya Kilatini ikahudumiwa kutoka juu ya ngoma! Mimi nilikosea nota kwa mshtuko. Yeye alikuwa ameuma midomo asicheke.

Kelele za Alhamisi zilimkera tangu mwanzo. Kisha mwoka mikate wetu, mtu wa kilo zake, akaanguka wakati wa maombezi na kuvunja kigae ambacho Mzee Taratibu alikuwa amekisugua siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata mzee akaja na zulia kuukuu la harusi, akalitandika, akakunja mikono ya shati na kusimama nyuma ya wanaoombewa. Alisema wazi kwamba anaokoa vigae. Tangu hapo hakukosa Alhamisi hata moja. Alimdaka mtu kwapani, akashuka naye huku akikunja magoti, akamlaza, akamfunika shuka, akaenda kwa anayefuata, uso ameukunja kama aliyeng'ata limau.

Miaka kadhaa iliyopita sisi wa kwaya tulimwomba Paroko awahamishie Wanakarismatiki ghalani, nyuma ya kanisa. Tulimleta Mzee Taratibu awe shahidi wetu, tukijua atawamaliza. Akasimama mbele ya halmashauri.

"Baba, hawa watu wana kelele. Kichwa kinaniuma mpaka Ijumaa. Lakini kule ghalani ni zege tupu, wataumia. Waacheni hapahapa."

Paroko akaamua wabaki kanisani kwa sharti moja, kwamba awepo mtu wa kuwadaka. Siku akikosekana, wahamie ghalani.

Ndiyo maana kustaafu kwake kumewahangaisha Wanakarismatiki. Kiongozi wao, mama muuza vitambaa, amezunguka parokia nzima akitafuta wa kushika nafasi hiyo. Kijana mmoja alijaribu, lakini alifumba macho kusali na mama wa watu akapita pembeni yake hadi chini.

Alhamisi iliyopita nilikuwa juu kwenye kinanda, nikisubiri wamalize ili nifanye mazoezi. Mzee alimdaka wa mwisho, akamfunika. Badala ya kukunja zulia, alivua miwani, akaiweka benchini, akaenda mbele yeye mwenyewe. Mama muuza vitambaa alishtuka, mkono ukabaki hewani.

"Mzee, na wewe?"

"Na mimi, mama. Tangu nimzike mke wangu nalia ndani kwa ndani. Nimechoka."

Wakamwekea mikono. Nikatazama nyuma yake, na hapakuwa na mtu.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Mimi, ambaye sijawahi kupiga makofi hata mara moja kanisani, nilipita katikati ya benchi mbio na viatu vyangu vya kukanyagia kinanda, nikamkuta tayari anarudi nyuma. Nilimdaka kwapani, magoti yakanikunjika, tukashuka wote wawili hadi kwenye zulia. Alilia kwa sauti, mikono yote miwili imening'ang'ania shati, na sikumwachia mpaka alipotulia.

Nimeshamwambia Paroko kwamba kila Alhamisi nitakuwepo. Kelele bado sizipendi. Wenzangu wa kwaya wananitazama kama mgonjwa, na siwalaumu.

Mzee Taratibu, parokia nzima, kwa lugha zake zote, inakushukuru. Tunakutakia pumziko jema, afya na utulivu nyumbani. Na Alhamisi ukijisikia kuja mbele tena, njoo uanguke tu. Nipo nyuma yako.